Baridi Ilisingiziwa

Kepher na mkewe Dorcus walitoka kando ya ziwa, kwenye joto. Mwaka wa 1996 Kepher alipata kazi katika kiwanda cha majani chai karibu na Kericho. Wakapewa nyumba katika kambi ya wafanyakazi: chumba kimoja, na jiko dogo lililopakana nacho. Kwao Dorcus alizoea kupikia nje. Huku mvua ilinyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo alipikia ndani.

Baridi iliwashangaza. Binti yao Jentrix, wa miaka miwili, alipoanza kukohoa, hawakutafuta mshtakiwa mwingine. Kepher alichukua magunia matupu, akaziba matundu ya hewa jikoni. Jentrix akazidi kukohoa. Dorcus akaziba dirisha. Kikohozi kikazidi tena, nao wakaziba hata nafasi iliyo chini ya mlango. Watu wazima wawili, wenye akili zao!

Kisha ikaja barua ya mama yake Kepher: "Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua mtoto. Hiyo baridi itamuua." Dorcus aliisoma akalia. Tangu amzae Jentrix, hawakuwahi kulala mbalimbali.

Jumatatu asubuhi Dorcus alikuwa akipika uji, mtoto mgongoni. Jirani yao Rebeccah akabisha hodi. Rebeccah ni Mkipsigis, mwenyeji wa huko, na kazi yake ni kutembelea nyumba za kambi kwa niaba ya zahanati. Aliingia, akatoka mbio akifuta machozi.

"Mama Jentrix, unapika ama unakausha samaki?"

Dorcus hakucheka. "Mtoto ni mgonjwa. Ni hii baridi yenu."

"Baridi yetu? Jana nilikaa nyuma yenu kanisani masaa tatu. Ile kanisa haina hata vioo kwa dirisha. Mtoto alikohoa?"

Dorcus akafikiri. "Hapana."

"Na huko ni baridi kushinda hapa. Sasa pitisha kidole kwa ukuta."

Dorcus alipitisha kidole juu ya meko. Kikarudi cheusi.

"Hiyo ndiyo mtoto anavuta ukimbeba ukipika," Rebeccah alisema. "Na hizi kuni bado mbichi."

Kweli, zilikuwa za michai iliyokatwa wiki iliyopita, na ncha zake zilitoa maji motoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha Dorcus kilikuwa jikoni, na yeye mwenyewe alikifungia mlango.

Rebeccah alimfunua mtoto kifua, akatazama mbavu. "Anapumua haraka sana. Hii si ya kungoja. Twende zahanati saa hii."

Zahanati walisema ni nimonia, wakampa Jentrix dawa.

Jioni Rebeccah alipopita tena kwao, Kepher alikataa kutoa magunia. "Unataka mtoto agande?"

"Baba Jentrix, baridi tunazuia na sweta," Rebeccah akamjibu. "Moshi haizuiwi na sweta. Acha hewa ipite. Kuni ziweke chini ya paa mpaka zikauke kabisa. Kwa sasa nitawapatia zangu. Funika sufuria, chakula iive haraka. Na moto ukiwaka, mtoto asikae jikoni."

Kepher alinung'unika, lakini magunia aliyatoa. Dawa ilimalizwa yote. Polepole kikohozi kikapungua, halafu kikaisha.

Mwisho wa mwezi mama yake Kepher akafika, na kikapu cha kubebea nguo za mtoto. Kesho yake asubuhi Dorcus aliwasha moto. Mama mkwe akatetemeka kwa baridi, akainuka na kufunga mlango wa jiko.

Mama mkwe hapingwi. Lakini Dorcus akasimama.

"Mama, nisamehe. Huo mlango tunaacha wazi. Moshi ndiyo ilikuwa inaumiza mtoto."

Akaufungua mwenyewe. Kepher aliacha kunywa chai. Mama mkwe akaenda chumbani, akamwinua Jentrix, akaweka sikio mgongoni mwake. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Kifua iko safi," alisema. "Nitarudi peke yangu."

Dorcus alilia mbele ya mama mkwe wake, wala hakuona aibu.