Kanda ya Northfield

Jumamosi moja ya Februari 1971, manyunyu yakianguka juu ya Digbeth, mtaa wa Birmingham, Uingereza, Idarous alifungua duka la ala za muziki la Pritam saa tatu asubuhi kama kawaida. Siku nyingine alikuwa mtu wa kiwandani. Jumamosi alikuwa bingwa wa banjo. Kwao Unguja aliipiga miaka mingi katika taarabu, na Pritam, aliyejua biashara lakini si ala, alimwachia wateja wote wa banjo. Wengi walikuwa vijana waliopenda muziki wa zamani wa milimani Marekani. Idarous aliwachagulia shingo isiyopinda, ngozi isiyolegea kwa unyevu, kidaraja cha kuinulia nyuzi, nyuzi zenyewe, hata santuri za kujifunzia.

Alikuwa na desturi yake. Mpigaji, alisema, haisikii banjo yake mwenyewe. Sauti inamkimbia, inawaendea walio mbele yake. Basi kila mteja alimrekodi kwanza kwenye kanda, akamsikilizisha, ndipo achague.

Siku hiyo alikuja Bethuel, Mkenya aliyekuwa akisoma chuo kikuu na kupanga chumba Selly Oak. Wiki iliyofuata angepiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Idarous alimtania kwamba anapiga kama anayekatakata sukuma wiki. Bethuel akajibu kwamba afadhali sukuma kuliko Kiswahili cha Unguja, ambacho mtu hukisikiliza na mkalimani pembeni. Wakacheka.

Banjo mbili hazikumkaa. Ya tatu ilikuwa imeletwa juzi kutoka nyumba moja ya Northfield ambayo mwenyewe alikuwa amefariki. Ndani ya kasha lake mlikuwa na kanda isiyoandikwa kitu. Ya duka ilikuwa imejaa, kwa hiyo Idarous akatumia ile, bila kuisikiliza kwanza.

Bethuel akapiga dakika moja, akaacha. Idarous akairudisha kanda nyuma, akawasha.

Ilitoka vizuri. Dakika ikaisha. Banjo haikunyamaza.

Iliendelea, kwa ufundi ambao Bethuel hakuwa nao.

"Huyo si mimi, Mzee," Bethuel alinong'ona.

Idarous akageuka. Banjo ilikuwa imelala mezani. Mkono wa kulia wa Bethuel ulikuwa ukipiga hewa, pigo kwa pigo na kanda.

Akazima. Mkono ukaanguka, ukaning'inia begani kama koti kwenye msumari. Bethuel akaufinya, akauuma. Hakusikia kitu. Idarous akaushika; ulikuwa baridi kama nyama ya buchani.

"Washa, Mzee. Tafadhali, washa tena."

Akawasha. Vidole vikaamka. Akazima. Vikafa.

Idarous akajaribu kuifuta kanda kwa kurekodi kimya. Wakakaa wima wote wawili, hawakohoi, dakika tano nzima. Alipoisikiliza, banjo ilikuwa palepale. Na kucha za Bethuel zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

Hapo akaelewa. Kanda haikutaka kimya. Ilitaka mkono.

Akautazama wake, mkono wa kulia, uliomlisha mkewe Shemsa na watoto. Baadaye hakujisifu kwa alilofanya. Alisema tu kwamba kijana wa watu alikuwa analia, na banjo ilikuwa karibu.

Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akapiga wimbo wa harusi wa kwao, wote, mpaka kanda ikaisha.

"Nasikia," Bethuel alisema. "Mkono unawasha kama moto, lakini nausikia."

Aliondoka bila banjo.

Idarous hakuisikiliza kanda ile. Kuichoma pia aliogopa. Hakujua moto ungeishia wapi. Hakutaka ilale nyumbani karibu na Shemsa, akaificha stoo ya duka, nyuma ya makasha matupu.

Ikakaa miaka mitano. Kisha akaenda Leicester mazikoni, akarudi akakuta stoo nyeupe. Pritam, asiyejua lolote, alikuwa ameuza vitu vyote kwa mpigo kwa mnunuzi aliyepita na gari, wala hakumwuliza hata jina lake.

Idarous alizunguka masoko ya vitu vikuukuu akiulizia kanda isiyoandikwa kitu. Watu walimwonea huruma. Kila asubuhi, kabla ya kufumbua macho, alikunja ngumi kwanza.

Alifariki mwaka 1978, alfajiri, kwa moyo. Mchana wakamwosha wanaume watatu, mmoja wao rafikiye Vuai, ambaye ndiye aliyeyasimulia haya, tena baada ya miaka mingi, maana hakutaka Shemsa ayasikie.

Mwili ulikuwa baridi wote. Kiganja cha kulia kilikuwa na joto.

Vuai alipokimwagia maji, vidole vikaanza kugonga ubao. Taratibu, kwa mpangilio. Aliutambua wimbo, alikuwa ameuchezea harusini kwake mwenyewe. Waliushikilia mkono ule watu wawili, mmoja akisoma dua kwa sauti ya chini, nao ukawa unagonga chini ya viganja vyao mpaka wimbo ukafika mwisho.

Ukatulia. Wakatazamana.

Ulitulia muda uleule unaomtosha mtu kurudisha kanda nyuma. Kisha ukaanza tena, mwanzo.