Mkojo wa Lanyero

Joska alikuwa hodari wa kupiga pasi. Katika kota za polisi karibu na Bukoto, sare ikitoka mikononi mwake, mwenye kuivaa aliogopa hata kuketi. Mumewe Odyek, polisi wa cheo cha chini, alipendeza kuliko wakubwa wake.

Lakini tangu kaka yake Oyet afariki, Joska hakuwa na raha. Oyet aliishi na virusi vya Ukimwi, kama yeye. Alivimba uso, akavimba miguu, figo zikagoma, akaondoka. Sasa Joska akisimama kutwa na pasi, miguu yake nayo ilijaa. Kila jioni aliibonyeza kwa kidole, akitazama kama shimo litabaki.

Siku ya kliniki alipewa kikopo cha kupimia mkojo. Aliogopa kukijaza. Akamvuta binti yake Lanyero hadi chooni. Lanyero alizaliwa na virusi, lakini siku hiyo alimsindikiza mama tu.

"Nijazie hii," alinong'ona Joska. "Wewe bado mutoto. Figo yako haijachoka."

"Mama, si wanataka yako?"

"Fanya vile nimesema."

Baadaye nesi Marie-Jeanne, Mkongo aliyewahudumia miaka mingi, alimwita Joska ndani peke yake.

"Mama Lanyero, mkojo yako iko na protini mingi. Figo inavuja. Hii si kitu ya kuchezea."

Kwanza Joska alishusha pumzi: haukuwa wake. Kisha akili ikamrudia: ulikuwa wa Lanyero. Angeweza kunyamaza, na aibu yake asingeijua mtu. Lakini nje kwenye benchi mwanawe alikuwa akichekea simu, hana habari.

"Musawo," alisema, kama wagonjwa wote walivyomwita nesi. "Ile mkojo si yangu. Ni ya mtoto."

Marie-Jeanne hakumgombeza. Aliwapima upya wote wawili. Mkojo wa Joska ulikuwa safi, na daktari alipomkagua alisema miguu inajaa kwa kusimama mno. Wa Lanyero ulikuwa vilevile, na protini nyingi.

"Ni dawa inamuua?" aliuliza Joska. "Kaka yangu aliacha dawa. Alisema inakula figo."

"Hapana, mama. Virusi vikiachwa bila dawa, ndivyo vinaharibu figo. Kama dawa moja inasumbua figo, daktari anabadilisha. Mtu haachi mwenyewe."

"Basi kwa nini yeye, na mimi niko mzima?"

"Kuna kitu tunarithi kwa wazazi, kinaitwa jeni. Baadhi ya watu wa Afrika wako na jeni moja inafanya figo iumie upesi. Ukiipata kwa mzazi mmoja, mara nyingi haileti shida. Ukiipata kwa baba na kwa mama pia, hatari inapanda. Virusi vikiwa vingi, inapanda zaidi. Kipimo cha hiyo jeni si rahisi kupata, kwa hiyo sina hakika. Lakini mjomba wake alikufa na figo. Tunashuku."

"Kwa hiyo mimi nilimpa."

"Hukuchagua, mama. Hata sura yake hukuchagua."

Lanyero, aliyeketi kando ya mama yake, alitazama sakafu. "Shuleni ninaruka dawa," alisema polepole. "Wasichana wa bweni wataniona."

Joska alilia mbele yao bila kujificha.

Daktari alimwandikia Lanyero dawa ya kulinda figo. Alimkataza mitishamba na dawa za maumivu za kununua ovyo, akamwambia apunguze chumvi. Matroni wa shule alikubali kumtunzia vidonge na kumpa faraghani. Muhula mzima Joska alikuwa akishtuka kila simu ya shule ilipolia.

Likizo ilipofika, walirudi kliniki. Marie-Jeanne alisoma majibu, akatabasamu.

"Virusi havionekani tena kwenye kipimo. Protini imepungua sana. Haijaisha, atapimwa kila mara. Lakini tumewahi."

Joska akauliza jambo lililomsumbua muda wote.

"Musawo, kama siku ile ningetoa mkojo yangu?"

Marie-Jeanne alifunga faili. "Tungekuambia uko mzima. Mngerudi nyumbani mkifurahi, na yeye hatungempima."

Joska alimshika binti yake mkono, na hakuuachia mpaka walipofika kota.