Punje Tatu Zilizokosekana

Jumamosi moja ya mwaka 2004, mjukuu wangu Evaline alimaliza kufagia uwanja wetu hapa Mogitu, akaja kuniamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kitendawili!"

"Tega!"

"Ana shingo, ana tumbo, lakini hana kichwa."

"Kibuyu! Aa, bibi, tega kigumu."

"Haya, mwerevu. Basi beba hivi viwili, vinahitajika mkutanoni."

Vilikuwa vibuyu vyangu vya maziwa ya mgando. Nilivisuuza harakaharaka. Kosa hilo ni langu, nalikiri mapema.

Shirika moja la Katesh, linalofundisha vijana ufundi na kuwaeleza watu haki zao, lilikipa kijiji chetu nafasi moja ya kujifunza ushonaji. Walioiomba walikuwa wawili: Lucia, dada yake Evaline, aliyekaa nyumbani miaka miwili tangu amalize darasa la saba, na kijana wa jirani, Basili.

"Jina lisitoke mfukoni mwa mwenyekiti," alisema Dada Saumu, mwalimu wa shirika. "Chagueni wenyewe kwa siri, kisha tuhesabu mbele ya wote."

Shuleni, tulikokutana, kila mtu mzima alipewa punje moja ya mahindi. Aliingia darasani peke yake, akaidumbukiza katika kibuyu cha Lucia au cha Basili. Evaline, kwa kuwa watoto hawapigi kura, alisimama mlangoni akigawa punje.

Mwenyekiti, Mzee Qamara, akamimina na kuhesabu kwa sauti. "Basili, arobaini. Lucia, arobaini na moja!"

Tulipiga vigelegele! Lucia akaruka kama ndama. Evaline hakushangilia. Yeye aligawa punje themanini na nne, na zilizohesabiwa ni themanini na moja. Je, kama zote tatu ni za Basili? Akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mzee, punje tatu hazipo."

"Labda zimeliwa na kuku!" Theodory, mcheshi wa kijiji, akadakia. Watu wakacheka.

"Nyamaza wewe!" Lucia akamnong'oneza Evaline. "Unataka nikose?"

"Sitaki ukose, dada. Lakini niligawa themanini na nne."

Mzee Qamara akatikisa vibuyu. Hakuna kilicholia ndani. Dada Saumu akachukua kijiti, akakwangua ndani. Kumbe mabaki ya mgando yalikuwa yamezinasa!

"Bibi," Theodory akaniuliza, "leo tumepiga kura au tumekunywa maziwa?"

Nikainamisha uso.

Katika kibuyu cha Basili ikadondoka punje moja. Arobaini na moja kwa arobaini na moja! Lucia akafumba macho. Katika kibuyu chake ikadondoka moja. Kijiti kikakwangua tena, ikadondoka nyingine.

"Lucia, arobaini na tatu!"

Safari hii vigelegele vilitoka pande zote. Basili mwenyewe alikuja kumpa Lucia mkono. "Umenishinda, Lucia. Nimeona kwa macho yangu."

Lucia akamkumbatia mdogo wake, akamnyanyua juu.

Njiani Evaline akaniuliza, "Bibi, kumbe ningenyamaza angeshinda vilevile?"

"Angeshinda," nikamjibu. "Lakini siku watu wangegundua kuwa kura hazikutimia, wangesema aliiba nafasi, nasi tusingekuwa na la kujibu. Ukijua hesabu haijatimia, mjukuu wangu, sema, hata kama ukweli unaweza kumwangusha umpendaye. Leo dada yako anakwenda Katesh kichwa juu, na aliyeshindwa ndiye shahidi wake."