Maoni Kutoka Usenge

Kufuli lilikuwa zima. Kabati lilikuwa limefungwa. Lakini kitabu hakikuwemo.

Inspekta Gabriel Wabwire alipiga magoti mbele ya kabati hilo katika ofisi ndogo ya kanisa, Kaloleni. Ilikuwa Jumatano asubuhi, Agosti 1994. Kabla ya kugusa chochote alifumba macho akaomba kimya, kama alivyofanya katika kila kesi, iwe ya mauaji au ya kuku. Kisha akatoa kioo chake cha kukuzia.

"Hakuna aliyevunja kufuli," alisema. "Mwizi alifungua skrubu za bawaba, akatoa mlango kwa upande wa pili, halafu akaurudisha. Skrubu hii moja imeingia ikiwa imepinda."

"Vitabu vinane vipo," alisema Mwalimu Dalmas Ogola, mwalimu mstaafu aliyetunza vitabu vya kanisa. "Kimechukuliwa cha tisa tu. Cha mwisho, Afande."

Wabwire hakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mfululizo huo uliitwa *Kabla ya Baragumu*. Kwa miaka kumi na mmoja kanisa lilikuwa likiufuata: hadithi ya mji mdogo wa ziwani ambao waumini wake walinyakuliwa mbinguni asubuhi moja, na ya wale walioachwa nyuma. Kila kitabu kilikuja nakala moja, na kila nakala ilikuwa na foleni ya watu sitini. Kulikuwa na watoto mtaani Nyalenda waliopewa majina ya watu wa humo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeacha pombe aliposoma kitabu cha tatu, akairudia katika cha nne, akaacha kabisa katika cha tano.

Kitabu cha tisa kilikuwa hakina foleni. Kilipangwa kusomwa kwa sauti Jumapili, kwa Dholuo, lugha ya wenyeji, mbele ya kanisa zima. Hata wanawake wa Usenge, kijiji cha wavuvi, wangeletwa kwa lori.

"Nani amekisoma?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe nilifungua ukurasa wa kwanza nikafunga. Niliogopa. Nilisoma jalada la nyuma tu, nikalitangaza kanisani Jumapili ulipokuwa zamu kituoni. Linasema siku ya hukumu majina ya wafu wote yataitwa, hata la Nahodha Zakaria."

Wabwire aliinua kichwa. "Zakaria? Kwani amekufa?"

Mwalimu Ogola alikohoa. "Umefika wapi, Afande?"

"Cha tano."

"Basi sijasema kitu."

Inspekta alirudi kwenye bawaba akiwa amenuna kidogo. Nahodha Zakaria, mwendesha feri mlevi aliyechekesha kila mtu na kuahirisha toba kila sura, alikuwa kipenzi chake. Kwenye mbao, karibu na ile skrubu, kitu kidogo kilimetameta. Alikiokota kwa ncha ya kisu, akakitia ndani ya bahasha.

"Gamba la omena, dagaa wa ziwani," alisema.

"Nusu ya kanisa hili inauza omena," Mwalimu alimjibu. "Nusu nyingine inakula."

Kutoka hapo Wabwire alikwenda mjini kwa Kishore, mwenye duka la vifaa vya kuandikia. Ndiye aliyeagiza vitabu vyote tisa kutoka Nairobi. Kishore alisema Jumanne yote alikuwa kwenye kaunta, na mashahidi walikuwa wateja. Kisha akakiri jambo ambalo hakuulizwa. Kila kitabu kililala kwake siku mbili kabla ya kwenda kanisani. Alikisoma chote, akiwa amekifunika kwa gazeti ili mkewe asikione.

"Mimi nakwenda hekaluni kwetu, Bwana Inspekta. Lakini huyu nahodha nilimlilia hapa hapa. Mteja alidhani nimefiwa, akaniletea soda."

"Usiseme zaidi. Unaweza kuagiza nakala nyingine?"

"Zimekwisha. Wanasema miezi miwili." Kishore alipanga kalamu zake, akafikiri. "Mtu akitaka kujua mwisho, anakuja kuniuliza. Wengi wamekuja. Huyu hakuja. Mimi naona hakuiba ili asome. Aliiba kisisomwe."

Wabwire aliandika maneno hayo katika kijitabu chake na kuyapigia mstari.

Saa tisa alasiri alikuwa tena ofisini kwa Mwalimu, safari hii mbele ya daftari nene la jalada gumu. Ilikuwa desturi ya kanisa hilo: kila aliyemaliza kitabu aliandika maoni yake kabla ya kukirudisha. Wasiojua kuandika waliandikiwa, neno kwa neno. Wabwire alisoma maoni ya miaka kumi na mmoja kama anavyosoma taarifa za mashahidi. Alipofika kitabu cha sita alisita, akatazama juu dakika nzima, kisha akaendelea. Kazi ni kazi.

Hapo alikuta kilio. *Mwandishi hana huruma, angempa hata dakika moja.* *Alistahili, alionywa mara kumi na saba, nimehesabu.* *Mimi Dorca nimefunga kula siku moja kwa ajili ya Zakaria ingawa najua si mtu wa kweli.* Feri ilikuwa imezama, na nahodha pamoja nayo. Hakutubu.

Baada ya kitabu cha nane palikuwa na barua iliyogandishwa kwa gundi. Iliandikwa kwa Dholuo na katekista wa Usenge, kwa niaba ya wanawake kumi na wanne waliosomewa vitabu ufuoni. Wabwire alikuwa Msamia wa Port Victoria, jirani na wasemaji wa Dholuo. Dholuo alikisoma bila shida.

*Tunamshukuru Mungu kwa Zakaria, aliyeomba akiwa majini akaokolewa. Mama Selpha anauliza, kwa kuwa sasa anahubiri, je, ataoa?*

Alisoma mara mbili. "Mwalimu, barua hii uliiona?"

"Niliibandika mimi. Nilifikiri ni akina mama wazee, wamechanganya mambo."

"Mtu mmoja anaweza kuchanganya. Wanawake kumi na wanne hawachanganyi jambo lile lile kwa namna moja. Nani huwasomea?"

Mwalimu Ogola alivua miwani yake polepole. Alionekana mtu aliyejua jibu na asiyelipenda. Beldina, alisema. Beldina wa Nyalenda, mjane, mnunuzi wa omena. Kila Alhamisi alikwenda Usenge, na wakati samaki wakikauka aliwasomea akitafsiri. Tena ndiye aliyefagia ofisi hii kila Jumanne.

Alhamisi kabla ya saa sita Landirova ya kituo iliingia Usenge. Wabwire aliiacha mbali, akatembea. Omena walikuwa wametandazwa juu ya nyavu hadi ukingoni mwa maji, wakimeremeta. Pembeni wanawake walikuwa wamekaa kwa duara, mikono yao ikichambua samaki, masikio yao yakiwa kwa mwanamke mwembamba mwenye kitabu cha nyimbo mapajani.

Wabwire alisimama nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Beldina alikuwa akisimulia jinsi Nahodha Zakaria alivyowavusha yatima kwa feri mpya. Wanawake walicheka, wakamtania bibi mmoja aliyekaa karibu zaidi, wakisema Zakaria hawezi kumwoa, amezeeka mno. Bibi akawajibu kwamba yeye anataka kuwa mama mkwe tu. Hadithi ilikuwa nzuri. Inspekta mwenyewe alijikuta akitabasamu. Kisha akatazama saa yake. Zilipita dakika kumi na mbili, na Beldina hakuwa amefungua ukurasa; yote yalitoka kichwani mwake.

Duara lilipovunjika ili omena wageuzwe juani, alimwita kando.

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, Afande. Wewe hukaa benchi la tatu."

"Jumanne ulifagia ofisi."

"Ndiyo."

"Ulifungua bawaba kwa kutumia nini?"

"Kwa kisu cha samaki." Hakusubiri swali jingine. "Kiko ndani ya gunia, nimekifunga karatasi ya nailoni kisipate harufu. Sikutaka kukiharibu. Nilitaka Jumapili ipite, wanawake hawa warudi nyumbani, halafu nikirudishe."

"Zakaria alizama, Beldina."

"Alizama."

"Wewe ukamtoa majini."

Beldina alieleza yote.

Yule bibi wa karibu alikuwa Mama Selpha. Mwanawe, Oduor, alizama mwaka 1987, na mwili haukupatikana. Alikuwa kijana wa vichekesho na pombe ya chang'aa. Mara tatu aliandikishwa darasa la ubatizo, mara tatu akatoroka. Baada ya hapo Selpha hakuingia kanisani tena. Alisema hawezi kuimbia mbingu ambayo mwanawe hayumo. Lakini vitabu alivisikiliza, na tangu siku ya kwanza aliuliza habari za mtu mmoja tu: Zakaria.

"Siku ya kitabu cha sita nilikuwa nikisoma na kutafsiri, sentensi kwa sentensi," alisema Beldina. "Nikaona mbele imeandikwa, *Zakaria alizama. Hakuomba.* Mama alikuwa ameshika nguo yangu. Nilifungua mdomo niseme, Afande, na mdomo ukasema aliomba. Jumapili ile Mama Selpha alikwenda kanisani hapa kijijini. Hajakosa hata moja mpaka leo. Ningemrudisha vipi majini?"

"Na katika cha tisa?"

"Nimekisoma jana. Anaitwa jina. Anapelekwa kushoto, kwa waliohukumiwa." Alipangusa uso kwa ncha ya leso. "Kumi na wanne hawa wangesikia mbele ya watu wote. Yeye angesikia. Nifunge mimi, lakini yeye asisikie."

Wabwire alitazama maji. Aliomba, na ombi lake lilikuwa fupi kwa sababu hakujua aombe nini. Angeweza kuchukua kitabu na kunyamaza. Lakini Jumapili ingefika, na Mama Selpha angeketi mbele, amevaa nguo yake nzuri.

"Mlalamikaji ni Mwalimu Ogola, nami nitazungumza naye," alisema mwishowe. "Lakini huyu mama umemwibia pia. Mwambie wewe, leo, kwa mdomo ule ule. Nitakaa karibu nawe."

Mama Selpha alisikiliza akiwa ameinama juu ya omena zake. Beldina alipiga magoti mchangani, akasema kila kitu, hata zile sentensi mbili. Wanawake wengine walikuwa wameacha kazi. Bibi aliendelea kugeuza samaki, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kitu katikati yao.

"Hakuomba," alisema hatimaye. "Nani alimsikia?"

"Imeandikwa hivyo, Mama."

"Huyo aliyeandika alikuwa wapi?"

Beldina alimtazama Inspekta. Inspekta alisaidia. "Nairobi, Mama, nafikiri."

"Nairobi kuna ziwa?"

"La."

Mama Selpha alinyoosha mgongo. Macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa imara.

"Mimi nimekaa hapa miaka saba nikilisikiliza hili ziwa. Sijasikia mtu aliyeomba, wala sijasikia mtu asiyeomba. Anayesikia chini ya maji ni mmoja tu, na hajaniambia. Ndiyo sababu bado namsumbua kila asubuhi." Akamgeukia Beldina. "Na wewe ulinidanganya. Ulinidanganya vizuri, nikarudi kanisani kwa uongo wako. Sasa nitaendelea kwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Lakini utageuza omena zangu wiki mbili, na ukinunua hunipunguzii bei hata senti."

"Ndiyo, Mama."

"Inuka, mwanangu. Unachafua leso."

Mwalimu Ogola aliondoa mashtaka jioni hiyo hiyo, baada ya kukikagua kitabu kila ukurasa na kukinusa. Alitaka tu skrubu iliyopinda ibadilishwe, na Beldina aliinunua mwenyewe.

Jumapili lori lilijaa. Beldina ndiye aliyesoma, kwa ombi la wanawake wa Usenge. Majina yalipoanza kuitwa sauti yake ilififia, na kwenye jina la Zakaria ikakatika kabisa. Kutoka benchi la mbele Mama Selpha alisema kwa utulivu, "Soma. Usiruke." Beldina akasoma, na hakuruka neno.

Baadaye, watu wakinywa chai nje, Mama Selpha alimtafuta Inspekta akamkabidhi daftari. Hakutaka mwingine amwandikie. Polisi, alisema, wamezoea kuandika kile mtu alichosema. Wabwire aliketi kwenye ngazi ya kanisa, akaandika neno kwa neno:

*Kitabu cha tisa ni kizuri, hasa farasi. Pale kwa Zakaria mwandishi amesema jambo asilolijua. Nimemsamehe. Akitaka kuandika cha kumi, kwanza aje Usenge. Nitampikia, halafu nitamwonyesha maji.*