Upande wa Taa

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Chiriku alipitia chumbani kwa bibi yake kumwaga habari. Na alimwaga kweli: nani kalala darasani, mwalimu gani kavaa soksi mbili zisizofanana, mbuzi wa nani kaingia maktaba akatafuna ramani. Jina lake la shuleni nyumbani hawakulitumia. Tangu aanze kuongea hajawahi kupumzika, basi wakamwita Chiriku, naye akaitika.

Bibi alisikiliza akiwa amelala chali. Alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule, mikono ya kwanza kuwashika ilikuwa yake. Halafu akateleza kwenye ngazi za jikoni, akavunjika paja. Mfupa uliunga vizuri. Daktari akasema, sasa tembea. Bibi akasema, kesho. Kesho yenyewe ikawa haifiki, japo Chiriku alimbembeleza kila siku ainuke.

Kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi aliyekuja kumwona, nyumba nzima ikimwita Bwana Mazoezi. Aliweka fremu ya kutembelea kando ya kitanda. Bibi akaigeuza kuwa mahali pa kuanikia taulo.

"Mama, mguu usiotembea husahau kazi," Bwana Mazoezi alimwambia.

"Acha usahau, mwanangu. Umefanya kazi miaka mingi. Nao ustaafu."

Bwana Mazoezi alicheka. Lakini alipofika mlangoni alimnong'oneza mama yake Chiriku, "Akiendelea hivi, iko siku atataka kuinuka na mwili utakataa." Chiriku alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia.

Jioni hiyo bibi alimkatiza katikati ya habari za mbuzi. "Hivi, baiskeli yangu bado ipo stoo?"

"Ipo, Bibi. Imefunikwa gunia."

"Nipigie picha yake. Iwe ya karatasi, niishike. Na iwe nzuri, mjukuu wangu. Nisione kama zile za vitambulisho anazopiga mjomba wako, mtu anatoka kama kashikwa anaiba."

Mjomba alikuwa na studio ya picha karibu na stendi. Chiriku alipomweleza, aliacha mashine yake, akavuta kiti. Ulikuwa ni mradi wa mama yake mzazi, na mjomba hakuwa mtu wa kufanyia mzaha picha.

"Baiskeli ya zamani ni kama mzee," alisema. "Ifute vumbi, usiisugue. Ukiitoa alama zake zote umemtoa mzee sura. Tafuta ukuta mtupu nyuma yake. Jua liwe linashuka, lisichome. Wewe chuchumaa, simu iwe usawa wa katikati ya gurudumu. Ukipiga umesimama itatoka kama mende."

"Niiegemeze kwenye stendi yake?"

"Hapana! Stendi inaiinamisha kama mtu mwenye kiuno kibovu. Weka kijiti chini ya pedeli ya upande wa nyuma, kitaishika na hakitaonekana. Na baiskeli hupigwa upande wa mnyororo. Huko ndiko kwenye uso wake."

"Mjomba, wewe zile picha za baiskeli za hapo dirishani ulizipigaje? Hazina hata kijiti."

Mjomba alitabasamu. "Mtu anashika, anaachia, napiga, anadaka. Lakini hiyo ni ya watu wazima wawili, sakafu tambarare. Wewe tumia kijiti. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Kusikia kwake hakujawahi kuwa na kasoro.

Jumamosi, jua lilipoanza kulegea, alimwita rafiki yake Goti, aliyeitwa hivyo kwa sababu goti lake moja lazima liwe na plasta, wakaitoa baiskeli stoo. Waliifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Ikaamka. Ilikuwa nyeusi, bomba lake limeinama katikati ili mwenye gauni apande bila taabu. Kiti cha ngozi kilikuwa kimebonyea umbo la bibi mwenyewe. Mbele kulikuwa na kikapu alichobebea vifaa vyake, na kwa kuwa kikapu kilijaza nafasi, taa kubwa ya mviringo ilifungwa pembeni mwa gurudumu, upande wa kushoto.

Wakaiweka mbele ya ukuta mweupe. Chiriku akachuchumaa upande wa mnyororo, akatazama kwenye simu ya mama.

"Kijiti kinaonekana."

"Kidogo tu," Goti alisema.

"Kidogo kinaonekana kingi. Kitoe. Shika kiti, nikisema achia, achia."

"Si mjomba wako alikataza?"

"Mjomba yuko studio. Achia!"

Goti aliachia, akaruka pembeni. Baiskeli ikasimama peke yake, imenyooka, kama inayoshika pumzi. Chiriku akabonyeza. Goti akadaka. Wakatazama picha. Spoki ziling'aa, kivuli kimelala chini taratibu, ukuta umekuwa rangi ya asali.

Wangeishia hapo, habari ingekwisha.

"Moja ya mwisho," Chiriku alisema. "Achia mpaka nihesabu. Moja, mbili..."

Baiskeli haikusubiri hesabu. Iliangukia kushoto, taa ikatangulia kwenye kona ya ngazi za jikoni. Kioo kikapasuka vipande vipande, ukingo wa taa ukabonyea kama kikombe cha bati.

"Tukaseme," Goti alisema, kashika kichwa.

"Kwa nani? Bibi atalia! Anaumwa huyo!"

"Mtu akilia si atanyamaza?"

Chiriku aliinama. Aliokota vioo kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo, kopo akalificha stoo nyuma ya gunia.

Mjomba aliichapa ile picha nzuri, kubwa, akapiga mluzi. Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, kidole kikipita juu ya karatasi, kwenye usukani, kwenye kiti.

"Mh! Kumbe nilikuwa napanda kitu kizuri hivi?" alisema. Kisha akainua macho. "Na upande wa taa?"

Chiriku akajibu upesi. "Mjomba kasema baiskeli hupigwa upande wa mnyororo, Bibi. Huko ndiko kwenye uso wake."

Hakusema neno hata moja la uongo. Lakini alijiona kama kasema kumi.

"Mjomba wako anajua picha, baiskeli yangu haijui," bibi alisema. "Nilipokuwa nakwenda kwa wazazi gizani, mwanamke mwenye uchungu hakuniona mimi. Aliiona taa. Ndugu zake walimwambia, tulia, ile kule inakuja. Mpaka nikishuka, kashaanza kupumua vizuri. Nipigie huko, mwanangu. Huko ndiko kwenye uso wangu."

Mtu mwingine angesema hapo hapo. Chiriku alikwenda uani akachuma tawi la maua mekundu, akalichomeka pembeni mwa kikapu, likaning'inia mbele ya taa mpaka lile pengo lote likafunikwa. Safari hii alitumia kijiti. Picha ikatoka nzuri kuliko ya kwanza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Bibi alipoiona, midomo ilimcheza. "Nani kaipa maua?"

"Mimi."

"Umeipa maua kama bibi harusi!" Alijifuta macho kwa ncha ya shuka. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliondoa shuka, akateremsha miguu, vidole vikagusa sakafu. "Nipe hiyo fremu. Toa taulo. Nataka niende nikaiguse."

Moyo wa Chiriku uliruka kwa furaha, kisha ukaanguka pale pale. Akifika atalisogeza ua. Ataona.

"Bibi, usijisumbue," alijikuta akisema. "Mguu bado. Pumzika kwanza."

Bibi alimwangalia, akaiangalia miguu yake iliyonyauka. "Eti eeh? Labda kweli." Akairudisha kitandani, mmoja, wa pili, akajifunika mpaka kifuani.

Chiriku alitoka. Siku hiyo hakuna aliyesikia habari za shule. Mama yake alimpima joto kwa kiganja, hakuona homa.

Kesho yake Bwana Mazoezi alikuja. Chiriku alikuwa amekaa mlangoni, kidevu juu ya magoti.

"Haya, Mama. Leo hatua mbili tu."

"Jana nilitaka," bibi alisema, na sauti yake haikuwa na utani. "Niliteremsha miguu kabisa. Mjukuu wangu akaniambia nipumzike. Nikajiuliza, huyu aliyenibembeleza kila siku niinuke, leo kaona nini kwangu? Mtoto hasemi ovyo. Basi nikajua. Zangu zimekwisha."

Bwana Mazoezi aligeuka akamtazama Chiriku. Hakumkemea. Alishangaa tu, na mshangao ule ulikuwa mzito kuliko makofi.

"Bibi, sikuona kitu!" Chiriku aliruka, maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. "Zako hazijaisha! Mimi ndiye mbaya! Nimevunja taa! Mjomba alikataza kuachia, mimi nikamlazimisha Goti, ikaanguka, kioo kikapasuka, nikakificha. Maua niliyaweka ili usione. Nikakwambia upumzike ili usiende. Mguu wako mzima, Bibi. Mguu wako mzima kabisa!"

Alilia kwa kwikwi.

"Kumbe ni taa," bibi alisema mwishowe.

"Ni taa."

"Na mimi tangu jana nimelala hapa najipangia nani atarithi godoro langu!" Bibi alivuta shuka likaanguka chini. "Bwana Mazoezi, usisimame kama mlingoti. Nipe fremu. Wewe Chiriku, pangusa makamasi, tangulia unifungulie mlango. Nakwenda kumtazama majeruhi."

Mlango haukuwa mbali, ila kwa bibi siku hiyo ulikuwa safari. Alikwenda hatua, akahema, akaenda nyingine. Alilalamika, aliitukana ile fremu, alimwambia Bwana Mazoezi mikono yake baridi kama chura. Lakini hakurudi nyuma. Alipofika kwenye baiskeli, iliyokuwa imeegemezwa hapo mlangoni, alilisogeza ua, akapapasa ukingo uliobonyea. Machozi yalimtoka kidogo. Goti alisema kweli: mtu akilia hunyamaza.

"Unajua kwa nini sikuijua habari hii mapema?" bibi alimuuliza. "Nilishajua kuna jambo. Chiriku akinyamaza, ujue paka yuko karibu. Nilidhani paka ni kifo changu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Taa ndiyo bado. Utaipeleka kwa fundi mwenyewe, na ilivyovunjika utamsimulia mwenyewe. Yote, na lile la mjomba kukataza."

Chiriku alianzia kwa mjomba, na huko alisemwa mpaka masikio yakapata moto. Kisha akaenda kwa fundi wa baiskeli na kopo lake mkononi. Fundi aliunyoosha ukingo kwa nyundo ndogo, lakini kioo cha namna ile hakikuwepo tena madukani. Goti ndiye aliyeokoa jahazi. Alikuja na saa ya mezani ya kwao. "Ilikufa kabla sijazaliwa," alisema. "Mama kasema hatuwezi kuchelewa zaidi ya hapa." Kioo cha saa kikaingia kwenye taa kama kilizaliwa humo.

Wakati huo wote bibi alitembea kila jioni, Chiriku pembeni yake. Kwanza mpaka mlangoni, kisha mpaka uani, kisha mpaka kwa jirani kusengenya.

Jioni moja jua likiwa limelegea vizuri, wakaiweka baiskeli mbele ya ukuta mweupe, upande wa taa. Bibi alisimama nyuma yake, kashika usukani. Mjomba alikuja kusimamia, lakini simu alimwachia Chiriku.

"Mama, sasa achia usogee, apige," mjomba alisema. "Mimi nitadaka."

"Siachii."

"Mkono wako utaonekana!"

"Na uonekane. Mimi nimeishika, yenyewe imenishika. Apige hivyo hivyo."

Chiriku alichuchumaa. Kwenye kona ya picha fremu ya kutembelea ilikuwa inachungulia, na taulo lake juu. Angesogea hatua moja tu kulia, ingekatika, picha ingekuwa safi. Alifikiri. Kisha akarudi nyuma kidogo, ikaingia nzima.

Bibi aliipokea ile picha, akaiona fremu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema alipopata pumzi. "Picha lazima ikate. Haiwezi kubeba dunia nzima, na kutafuta upande mzuri si dhambi. Dhambi ni kukata kipande ili mwenzio asijue. Ukishafanya hivyo huishii hapo. Uongo ni kiwete. Ukitaka kutembea, unaazima miguu ya mtu. Wako nusura uondoke na yangu."

"Sitarudia, Bibi."

"Najua. Sasa hebu niambie, yule mbuzi wa maktaba, ramani aliimaliza?"

"Aliimaliza, Bibi! Halafu unajua alifanya nini tena?" Chiriku akaanza, na hakunyamaza mpaka wakafika kwenye ngazi za jikoni, ambazo bibi alizipanda moja moja, mkono begani kwake.