Jicho la Niyonzima

Basi la Kasulu lilikwisha kuiacha stendi ya Kibondo, Elieth yuko dirishani na gauni lake la kitenge cha njano, kichwa kimemvurugika, simu inalia.

"Mpenzi, mbona unaondoka bila kuniaga?"

"Nimeomba uhamisho mwenyewe, Niyonzima."

"Kosa langu nini?"

Akakata. Miezi mitatu nyuma nesi huyu alikuwa ananunua nyanya hapo stendi, kando ya meza ya pool. Kijana wa shati jeupe, ameinama na fimbo yake, akamkonyeza. Elieth akacheka. Kijana akakosa mpira, akaja kumuuliza anacheka nini, na mapenzi yakaanzia hapo.

Sasa Jumapili iliyopita kamkuta kwenye meza ile ile anamkonyeza Stanislaus, muuza nyama, mzee wa kipara na wajukuu saba. Mara akaukonyeza ukuta! Kumbe bwana yule hufumba jicho moja kila akilenga mpira. Basi yeye Elieth alipendwa, au alisimama tu nyuma ya shimo la meza?

Jumamosi Niyonzima akatokea Kasulu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wakakutana kwenye kibanda cha pool karibu na soko.

"Siku ile ya kwanza ulinikonyeza, au ulikuwa unalenga?"

Niyonzima akapangusa vumbi usoni. "Ah, nilikuwa nalenga, mama. Wewe nilikuona ulipocheka."

Elieth hakujua alie au acheke. Alikulia Dodoma na kaka wanne, wote wacheza pool.

"Ndiyo maana unakosa! Inama. Kidevu juu ya fimbo. Macho yote mawili wazi, we! Mpira mweupe uache, tazama pale utakapougusa mwekundu."

"Naona fimbo mbili."

"Tulia, itakuwa moja."

Akapiga. Mwekundu ukazama bila kugusa ukingo. Akapiga tena na tena, mipira yote ikazama. Alipoinua uso, akabaki anamkodolea Elieth.

"Na sasa unalenga nini?"

"Mipira imekwisha. Nakutazama tu. Nikuoe?"

"Sijui," akasema Elieth, na kweli hakujua, ila mkono aliposhikwa hakuutoa.

Walifunga ndoa mwezi wa nane. Niyonzima alihamishia Kasulu kibanda chake cha kutengeneza simu, na kwenye pool hafungwi ovyo. Stanislaus amehamia Manyovu na bucha yake. Elieth yuko wodi ya wazazi. Wamepanga vyumba viwili njia ya Heru Juu. Alimpendea nini hasa, Elieth bado haelewi, na amekwisha kuacha kujiuliza.