Mwenyeji wa Stoo ya Mlowa

Esnath alipiga hodi kwenye stoo tupu, akaitikiwa, "Karibu."

Akadhani ni Abdulaziz, msafirishaji aliyempa stoo hiyo ya Mlowa kukusanyia taka za umeme. Akaingia. Hakukuwa na mtu, ila harufu ya waya ulioungua. Abdulaziz alifika baadaye, na aliposimuliwa alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Dada Esnath, mlango uliofungwa miaka saba unaupigia hodi?"

"Kwetu huingii mahali bila hodi, kaka. Hata zizini."

"Kwetu tunafukiza ubani kwanza. Sasa umeomba ruhusa na umepewa. Huyo ameshakuwa mwenyeji wako."

Esnath alikuwa afisa mazingira wa mji wa Makambako, hakuwa na nafasi ya mambo hayo. Wakubwa walitaka mpango mzima ndani ya wiki tatu: vituo vya kukusanyia, siku ya kila mtaa, na lori la kupeleka mzigo Dar es Salaam. Simu mbovu, redio, pasi na TV za chogo zikaanza kumiminika stoo, naye akawa anashinda humo peke yake akizipanga na kuandika. Tangu mumewe Bonaventura afariki na binti yao aolewe huko Manda, nyumbani hakuna aliyemngoja. Watu husema upweke huzoeleka. Yeye hakuuzoea hata siku moja.

Siku ya nne, saa tisa mchana, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, redio isiyo na betri ilikwaruza, ikamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene, Esnath. Umekula?"

Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza kama amekula. Ndiyo maana, badala ya kutimua mbio kama ambavyo wewe na mimi tungetimua, alijibu, "Bado."

Kuanzia hapo akawa anakula humo. Mpango ukalala. Wapita njia walimsikia akicheka, wakamwona anavyokonda, wakapita zao. Hadi Ijumaa moja, alipoinua macho kutoka kwenye sahani yake na kujiona katika kioo cheusi cha TV, na nyuma yake mtu mrefu amesimama, na katika TV ya pili mtu huyo amesogea, na katika ya tatu ameinama kabisa karibu na shingo yake, na ile harufu ya waya ikamjaa puani mpaka akashindwa kupumua, ndipo akatupa sahani na kukimbilia kwa Abdulaziz bila viatu.

Abdulaziz alimleta mzee Rehani, msomaji wa majini. Mzee alichungulia tu, hakuvuka kizingiti.

"Mimi siwezi kumtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye ndiye mwenyeji, wewe ndiye mgeni, na mgeni huaga. Ingia useme, 'Naondoka. Sirudi.' Usiongeze kitu. Usiposema, mama, utakuwa wake."

"Maneno mawili tu, dada," Abdulaziz akambembeleza. "Tupo hapa hapa."

Esnath aliingia, moshi wa ubani aliofukiza Abdulaziz ukimfuata mgongoni.

"Nimekuja kuaga."

Redio zote zikashusha pumzi kwa pamoja.

"Haya," sauti ikasema, bila hasira yoyote. "Na leo utakula na nani?"

Esnath akaanza kulia. Aliiona nyumba yake, sufuria moja, kiti kimoja kilichovutwa mezani, na jioni ndefu ya baridi inayomngoja. Aliogopa stoo ile kuliko kifo, lakini nyumba ile aliiogopa zaidi.

"Sema, mama!" Rehani alinong'ona. "Sema utoke!"

"Naondoka," akasema Esnath. Wanaume wawili pale mlangoni wakabana pumzi. "Kesho nitakuja mapema."

"Kesho ya nini?" sauti ikamjibu kwa upole. "Wewe si mgeni tena."

Rehani akanyoosha mkono amvute. Mlango ukafungwa polepole mbele ya uso wake, na aliyeufunga alikuwa Esnath.